Safari za Barafu, Zikisomwa Bariadi

Insha ya Jonathan Franzen kuhusu Antaktika inaanza na hundi. Wakili alimletea mwandishi huyu Mmarekani dola 78,000, urithi kutoka kwa mzee Walt, mume wa shangazi yake. (Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba, baba mdogo na mume wa shangazi. Ukisoma ukiwa na Kiswahili kichwani, inabidi kwanza upange ukoo ndipo uendelee.) Fedha hizo hakuzitarajia, na kwa sababu hakuzitarajia aliona afadhali ziende kwenye jambo asilolizoea. Akakata nafasi katika meli ndogo ya utalii ya kampuni ya Lindblad, inayoshirikiana na National Geographic, wiki tatu hadi Antaktika na visiwa vya jirani. Insha ilitoka katika jarida la The New Yorker mwaka 2016, na miaka miwili baadaye ikatoa jina kwa kitabu chake kizima cha insha, The End of the End of the World.

Niko Bariadi msimu huu kwa utafiti wa tasnifu, na huku fedha kubwa bado hupimwa kwa pamba. Dola 78,000 ni karibu Sh milioni 200. Kwa bei ya shilingi elfu moja na ushee kwa kilo, hizo ni zaidi ya tani 150 za pamba. Nilimfanyia mjomba wangu hesabu hiyo kwa sababu aliniuliza ninasoma nini, naye akauliza swali ambalo mhakiki yeyote angepaswa kuanza nalo: "Sasa huyo mzungu alinunua nini?" Nikamjibu kwamba alikwenda kuona ndege. "Alinunua ndege?" Hapana, mjomba, ndege wa kuruka. Ndege wenyewe wa huko hata hawaruki.

Alinunua kuona. Hiyo ndiyo bidhaa, na insha inajua hivyo. Franzen ni mpenzi wa ndege kupindukia, na tukio kuu la safari yake ni kumwona pengwini wa aina ya kaisari, yule mkubwa kuliko wote, akiwa amesimama mbali juu ya barafu. Anamwona kwa kiona-mbali, anatia shaka macho yake, anakwenda kuwaambia wahusika, nahodha anaigeuza meli, na abiria wenzake wanamshangilia kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa yule ndege. Ni sehemu ya kuchekesha, na Franzen anajicheka mwenyewe kwanza. Chini ya kicheko hicho amefukia jambo zito zaidi: maisha ya mzee Walt, aliyempoteza binti yake katika ajali ya gari, kisha akamuuguza mke aliyekuwa akipoteza kumbukumbu. Kila meli inapokaribia barafu, insha inarudi Marekani kwa Walt. Ukimaliza kusoma unagundua kwamba Antaktika ilikuwa chumba cha kuombolezea, chumba kizuri, cheupe, kisicho na mtu mwingine ndani.

Napenda insha hii, na ninaisoma kwa mara ya tatu sasa. Lakini hapo kwenye "kisicho na mtu mwingine ndani" ndipo ninapokwama.

Safari hizi zina historia fupi. Lars-Eric Lindblad, Mmarekani mzaliwa wa Sweden, alipeleka kundi la watalii Antaktika mwaka 1966, na mwaka 1969 akapata meli iliyojengwa mahsusi kwa kazi hiyo, Lindblad Explorer. Utaratibu aliouanzisha ndio unaofuatwa mpaka leo: meli ndogo, wataalamu wa wanyama na miamba wanaotoa mihadhara, boti za mpira za kuwashusha abiria ufukweni. Sheria ni kali. Wasishuke zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja mahali pamoja, mabuti yasafishwe, pengwini asisogelewe. Chama cha wenye kampuni hizo kiliundwa mwaka 1991, na katika msimu wa 2022–23 wageni wa Antaktika walipita 100,000. Mwanawe Lindblad, Sven-Olof, ndiye aliyeanzisha mwaka 1979 kampuni iliyombeba Franzen. Kabla ya hapo alikaa Afrika Mashariki miaka kadhaa akipiga picha za tembo.

Habari hiyo ya mwisho niliisoma nikacheka peke yangu, kwa sababu tayari nilikuwa nimehisi. Ondoa barafu, badilisha boti ya mpira kwa gari lililofunguliwa paa, na kila sentensi ya safari ya Antaktika unaijua. Mwongozaji anayejua majina ya Kilatini ya wanyama. Ukimya unaoamriwa. Umbali unaopimwa. Chakula cha jioni ambapo kila mtu anataja alichokiona, na aliyeona zaidi anakuwa shujaa wa meza. Mkoa wa Simiyu ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na upande wake wa mashariki unagusana na Pori la Akiba la Maswa na Serengeti yenyewe. Lango la Ndabaka liko karibu na Lamadi, kwenye barabara ya Mwanza na Musoma. Anayekulia huku anaijua safari ya kitalii kama mtu anayeijua harusi kwa kusikia muziki wake upande wa pili wa ukuta.

Mjomba yuko ndani ya ukuta. Ni mpishi wa kambi ya mahema upande wa magharibi wa Serengeti, mwaka wa kumi na moja sasa. Nilipomsimulia habari za pengwini kaisari na meli iliyogeuzwa, hakushangaa hata kidogo. "Wageni wanakula saa moja," akasema. "Chui akionekana saa moja kasoro robo, chakula kinapoa. Ukipasha moto, nyama inakauka. Mimi chui namjua kwa ukavu wa nyama."

Sijawahi kusoma sentensi kama hiyo katika maandishi ya safari za barafu, nami nimesoma mengi kuliko inavyompasa mtu aliyezaliwa digrii tatu kusini mwa ikweta. Meli ya Franzen iliposhika njia ya pengwini, jikoni kulitokea nini? Meli hizi hubeba wapishi, watandikaji, mafundi wa injini, wengi wao watu wa nchi ambazo abiria wao huzitembelea katika likizo nyingine. Nao huvuka ile bahari chafu iliyo kusini mwa Amerika mara nyingi katika msimu mmoja, wakati abiria anaivuka mara moja na kuiandikia kurasa kumi. Katika insha ya Franzen watu hao hawana uzito. Simlaumu kwa kukosa huruma, kwani huruma anayo tele, kwa Walt na kwa ndege. Nasema umbo lenyewe la insha halina mlango wa wao kuingilia. Pale panapopaswa kuwa patupu ili msimulizi akutane na nafsi yake, mtu anayebeba sahani ni kelele.

Na kwa msomaji wa Kanda ya Ziwa kuna kelele nyingine ambayo Franzen hawezi kuisikia. Neno "meli" kwetu halianzi na mapumziko. Linaanza na MV Bukoba, Mei 1996. Linafika kwenye kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200. Ile Lindblad Explorer nayo ilizama, mwaka 2007, ikiwa na jina la Explorer tu, baada ya kutobolewa na barafu karibu na Antaktika. Ilikuwa na watu 154. Wote waliokolewa kutoka kwenye maboti baada ya saa kadhaa, na meli nyingine ikawachukua. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kwa ajili yao, kisha nikakaa kimya muda mrefu.

Sasa nije kwa mtu aliyekwenda kwenye barafu bila hundi.

Tété-Michel Kpomassie alizaliwa Togo mwaka 1941. Kitabu chake, L'Africain du Groenland, kilitoka Paris mwaka 1981, nami nilikisoma katika Kiingereza cha James Kirkup. Kisa chake hupenda kufupishwa hivi: kijana wa miaka kama 16 anapanda mnazi, anakutana na nyoka, anaanguka, anapelekwa kwa kuhani wa kike wa chatu msituni, anapona, kisha anakuta katika duka la vitabu mjini Lomé kitabu cha Robert Gessain kuhusu Waeskimo, anasoma kwamba Greenland hakuna miti wala nyoka, anaondoka. Inamchukua miaka minane kufika, akifanya kazi nchi baada ya nchi, Afrika Magharibi kisha Ulaya. Anashuka melini kusini mwa Greenland mwaka 1965.

Ufupisho huo huwachekesha wasomaji wa Ulaya, na wahakiki wengi huuchukulia ule mwanzo wa nyoka kama pambo la Kiafrika kabla ya kitabu chenyewe kuanza. Usukumani hausomeki hivyo. Hapa kuna bayeye, chama cha wacheza nyoka, ambao baada ya mavuno huingia uwanjani na chatu shingoni wakati Bagika na Bagalu wakishindana kuvuta watazamaji. Bayeye wana dawa za sumu, wana daraja zao na siri zao, na mtu aliyetibiwa na chama cha namna hiyo anaweza kuishia kuwa mwanachama. Ukiwa na hilo akilini unaona mara moja kwamba Kpomassie hakumkimbia nyoka. Alikimbia deni. Kuhani alimponya, na malipo aliyoyataka ni kijana mwenyewe: aingie katika ibada ya chatu, akae msituni. Baba yake alikubali. Greenland ilikuwa nchi ya mbali kabisa ambayo mkataba huo usingeweza kuvuka bahari kumdai. Kitabu kizima kinabadilika sura. Yale maelezo marefu ya namna watoto wa Greenland wanavyoachiwa uhuru na wazazi wao, ambayo wengine huyasoma kama elimu ya mila, ni kijana anayetazama maisha ambayo baba yake hakumpa.

Tofauti ya pili na Franzen ni kwamba Kpomassie anatazamwa. Siku ya kufika, watu waliojaa bandarini wananyamaza wanapomwona. Watoto wanajificha nyuma ya mama zao, wengine wanalia. Ni mrefu kuliko wote, na ni mweusi wa kwanza ambao wengi wao wamewahi kumwona. Kuanzia hapo hana nafasi ya kuwa jicho tupu juu ya sitaha. Analala katika nyumba za watu, anakula walichonacho, mafuta ya sili na ngozi ya nyangumi, anajifunza kuendesha mbwa, na wenyeji nao wanamchunguza, wanamtania, wanamgombania. Kuona kwake kunalipiwa kwa kuonwa, bei ambayo meli ya utalii imeundwa ili abiria asiilipe.

Lakini sitaki kumfanya mtakatifu, maana ana kasoro ambayo kitabu hakiifichi. Kusini mwa Greenland anakuta pombe, posho za serikali ya Denmark, viwanda vya samaki, na anaudhika. Hawa si wale wa kitabu cha Gessain. Basi anapanda kaskazini, mji baada ya mji, akiwatafuta "wenyewe", wale wa mbwa na sili na nyumba za udongo. Nani kamfundisha kudhani kwamba mvuvi mwenye mshahara si Mgreenland halisi? Kile kitabu cha dukani Lomé. Kijana wa Togo, ambaye Wazungu wangeweza kabisa kumtafuta "mwenyewe" kijijini kwao, amebeba njaa hiyo hiyo ya Kizungu hadi kwenye barafu. Mgeni anayefika Bariadi akitaka kuonyeshwa Msukuma wa kweli, si huyu wa bodaboda na simu, anaugua ugonjwa huo.

Kitabu kinamjibu, na hapa ndipo nadhani ni kitabu kikubwa kweli. Huko Upernavik, karibu kabisa na kaskazini aliyoitamani, Kpomassie anampata mzee Robert Mattaaq katika nyumba ya udongo na majani, ile hasa aliyokuwa akiitafuta. Anaingia ndani. Kuta zimebandikwa kurasa za magazeti, tabaka juu ya tabaka, habari za dunia nzima. Mzee wa "asili" ni msomaji. Amekaa katika maktaba yake akifuatilia dunia, wakati dunia inamtafuta yeye kama kisicho dunia. Kpomassie anasimulia hili bila kulipigia ngoma, na hilo ndilo linalonifanya nimwamini.

Tunaweza kuishia hapo, na kusema Mwafrika aliandika kitabu bora cha barafu kwa Kifaransa. Ila kuna maandishi ya zamani zaidi, na haya ni ya Kiswahili.

Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili Berlin, alichapisha mkusanyo wa masimulizi ya wasafiri wa pwani. Humo yumo Selim bin Abakari, Mngazija, aliyefuatana na Theodor Bumiller kama mtumishi wake, kupitia Urusi hadi Siberia mwishoni mwa karne ya 19. Simulizi lake linaitwa Safari yangu ya Bara Urusi na ya Siberia. Hakufika ncha ya dunia. Lakini ni nathari ya Kiswahili kuhusu nchi za kaskazini ya mbali, miaka themanini kabla ya Kpomassie kuchapisha chake, na mimi nimesoma fasihi ya Kiswahili kuanzia kidato cha tano hadi shahada ya uzamili bila mwalimu yeyote kuitaja. Lyndon Harries aliichapisha upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1965. Nimeipata huko.

Kabla hata ya kusoma neno la Selim, soma majalada mawili. Velten alitoa kitabu hicho kwa lugha mbili. Jina la Kijerumani linazitaja safari hizo kuwa misafara ya von Wissmann, ya Dk. Bumiller, ya Graf von Götzen na wengineo, iliyosimuliwa na Waswahili. Jina la Kiswahili ni Safari za Wasuaheli. Njia ni zile zile, mizigo ni ile ile, vumbi ni lile lile, ila katika lugha moja mwenye safari ni aliyelipa, na katika nyingine ni aliyetembea. Na Selim, mtumishi, anaandika "safari yangu". Sijui kiwakilishi kingine katika nathari yetu ya zama hizo chenye ujasiri kama hicho kidogo cha mwisho.

Mtindo wake si wa kumpendeza aliyezoea Franzen. Nathari ya mkusanyo huo huhesabu: tulitoka mahali fulani, tukafika mahali fulani, watu wa huko desturi yao hivi, chakula chao hivi. Hakuna kujichimba nafsi. Mkono wa Velten umo, maana ndiye aliyewahimiza wasimulizi waeleze mila za watu, na yapo mambo ambayo mtumishi asingeyasema mbele ya Mjerumani aliyekuwa na uwezo wa kumwajiri. Ukame huo unachosha baada ya kurasa kadhaa, nakiri. Hata hivyo una kitu ambacho insha ya meli haina: nchi za mbali zimejaa watu wenye bei zao sokoni na imani zao, na msimulizi anauliza maswali ya mtu atakayelala hapo usiku. Kwake hakuna patupu.

Wazo la patupu, kwetu, si la kifasihi tu. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitoa filamu iliyoitangaza Serengeti duniani, ikapata tuzo ya Oscar. Grzimek alisisitiza kwamba hifadhi ibaki pori lisilo na watu, hata wenyeji wasiishi ndani. Mwaka huo huo Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti. Antaktika ni bara pekee ambalo halikuwa na wenyeji, ndiyo maana ni mandhari kamili ya insha ya namna hii: utupu wake ni wa kweli. Shida ni jicho linalojizoesha huko kisha likaja huku, au likaenda Greenland, ambako meli hizo hizo hutia nanga mbele ya vijiji vya watu mia tatu na kushusha abiria. Tembo ambaye Sven-Olof Lindblad alimpiga picha ni tembo yule anayevuka mpaka usiku na kuingia mashamba ya Meatu, Itilima na Busega. Picha na shamba lililokanyagwa havijawahi kukutana katika insha moja.

Mjomba ana daftari la jikoni. Tarehe, idadi ya wageni, nani hali nguruwe, nani karanga zinamdhuru. Pembezoni, kwa kalamu nyingine, kuna mambo ambayo hayahusu chakula: mgeni aliyelia mezani bila kusema sababu, usiku ambao fisi walichukua sufuria, siku moja ambapo ameandika tu "nyumbu wamepita, gizani, saa nane, sikulala". Nimemwomba ruhusa ya kuyanakili. Amesema nisubiri kwanza msimu uishe, kwa sababu daftari linatumika.

Kpomassie naye hajamaliza. Alikatisha safari yake kabla ya kufika Thule, kaskazini kabisa, akarudi ili awasimulie Waafrika wenzake. Mwaka 2022, akiwa na miaka 81, alisema anauaga mji wake ulio kando ya Paris na kujiandaa kwenda Greenland tena, safari hii kuishi huko mpaka mwisho wa siku zake.